Pole Haijazi Kibaba

Kijiwe chetu cha Keko hakina ajenda ya Jumapili. Mada huja yenyewe, na ikichelewa tunarudia ya wiki iliyopita. Juzi tulianza na goti la mshambuliaji mmoja wa Ligi Kuu. Dula Boda alikuwa ameegesha pikipiki chini ya mwarobaini, amekaa juu yake kama hakimu, anatuhakikishia kwamba lile goti ndilo lililouza ubingwa.

"Yule anatibiwa na klabu, mshahara unaingia, na bado anapigwa picha akicheka kitandani," alisema Dula. "Mimi mwaka juzi niliumia goti hilohilo, la kulia, pale Tazara. Nilitibiwa na fundi wa mifupa kwa mkopo. Mpaka leo akiniona ananipungia mkono, nami najifanya simwoni."

"Goti lako halina mkataba," alimjibu Profesa.

Profesa ana stashahada ya rasilimali watu na huu ni mwaka wake wa nne akisubiri kuitwa kwenye usaili. Sheria za ajira anazijua zote. Kilichobaki ni ajira yenyewe.

Mzee Mwinshehe alikuwa kwenye kiti chake cha kukunja, gazeti la jana mkononi. Chawa alikuwa amekaa karibu na barabara ili gari la tajiri yeyote likipita awe wa kwanza kusimama. Mama Zawadi alikuwa anageuza chapati. Na Birika, muuza kahawa, alikuwa anagonga vikombe vyake bila kusema neno, kama kawaida yake. Tangu nimjue, mchango wake mrefu kuliko wote ni "Sukari?"

Ndipo akatokea Saidi. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeviringishwa bandeji ukawa mkubwa kama ngumi ya bondia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Mkono umefanya nini?"

"Ajali kidogo ya kazini, mzee."

"Kidogo kiasi gani?"

"Dole gumba."

"Limeumia?"

Saidi alikaa kwanza. "Limebaki kazini," alisema.

Goti la mshambuliaji likafia hapohapo.

Saidi anafanya kazi kwenye karakana moja ya vitanda na makabati. Alhamisi, saa tisa alasiri, alikuwa anapasua mbao za oda ya hoteli. Ule msumeno wa mezani ulikuwa na kinga yake ya chuma, lakini kinga ilifunguliwa tangu kabla ya Ramadhani kwa amri ya tajiri, kwamba inachelewesha kazi. Mbao ikaruka, mkono ukafuata. Tajiri mwenyewe ndiye aliyempeleka hospitali kwa gari lake, tusimnyime sifa yake. Alitandika gunia kwenye kiti kwanza.

"Halafu jana alikuja nyumbani kunipa pole," Saidi aliendelea. "Ameleta mkungu wa ndizi, juisi katoni moja, na bahasha ya shilingi 50,000."

Chawa alisimama kabisa. "Mnaona? Mnaona utu huo? Tajiri gani siku hizi anabeba ndizi kwa mkono wake? Wewe umetoa dole moja, umeletewa mkungu mzima wa madole!"

"Kwa bei hiyo," alisema Mama Zawadi bila kugeuka, "wakimkata mwili mzima watampa shamba la Bukoba."

"Na kuna karatasi," alisema Saidi. Akaichomoa kwenye mfuko wa shati kwa mkono wa kushoto, akampa Profesa.

Profesa aliisoma kimoyomoyo, kisha akaisoma kwa sauti ya mahakamani: "'Mimi niliyetajwa hapo juu nakiri kupokea pole ya shilingi elfu hamsini pamoja na vyakula, na kwamba sina madai mengine yoyote kwa mwajiri wangu, sasa na hata milele.'"

"Amina," alidakia Dula.

"Sijamaliza. 'Sahihi, au alama ya dole gumba la kulia.'"

Kimya. Hata Birika aliacha kugonga vikombe.

"La kulia lipi?" aliuliza Mama Zawadi polepole. "Lile lililobaki chini ya msumeno?"

"Labda karatasi ilichapwa zamani," Chawa alijitetea. "Ni fomu ya kawaida tu."

"Kumbe ipo ya kawaida!" alisema Mzee Mwinshehe. "Maana yake Saidi si wa kwanza." Alikunja gazeti lake mara mbili, na sisi tunaomjua tunajua kwamba mzee akikunja gazeti mara mbili, kahawa zitaongezwa.

"Nilikuwa katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi kwenye kiwanda kimoja cha nguo," alianza. "Tulikuwa na sheria ya fidia ya tangu wakati wa mkoloni. Fidia alitakiwa kuitoa mwajiri, na sheria iliwekewa kikomo ambacho shilingi ilikikimbia kikabaki nyuma peke yake. Mnajua mtu aliyelemaa maisha, haamki, halimi, hashoni, alikuwa anapata kiasi gani mwisho kabisa? Shilingi 108,000. Kwa maisha yake yote yaliyobaki."

"Na akifa?"

"Shilingi 83,000."

Mama Zawadi aliacha chapati ikaungua upande mmoja. "Subiri baba. Yaani ukifa unashuka bei?"

"Ndivyo ilivyoandikwa."

"Basi ndiyo maana babu zetu walikuwa wagumu kufa. Walikuwa wanajua hasara yake!"

Tulicheka, ila mzee hakucheka. Alisema aliwahi kumpelekea mjane mmoja pesa za namna hiyo, na nauli ya kumfikia mjane ilikaribia kuzidi alichompelekea. Kisha akamgeukia Profesa. "Wewe kijana, sema sheria ya sasa. Leo umepata usaili."

Profesa alikohoa. Nadhani alisubiri siku ile kwa miaka minne.

"Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ni ya mwaka 2008," alisema. "Ndiyo iliyounda Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, huu tunaouita WCF. Mfuko ulianza kazi Julai 2015, mafao yakaanza kulipwa Julai 2016. Unahusu Tanzania Bara, serikalini na sekta binafsi. Zanzibar wana sheria yao."

"Sheria ya 2008 ikaanza kulipa 2016?" alisema Dula. "Hiyo ilikuja kwa daladala ya kusubiri ijaze."

"Ilifika lakini. Sasa fedha zinatoka wapi? Zinatoka kwa mwajiri peke yake. Analipa mchango kila mwezi kwa hesabu ya mishahara ya wafanyakazi wake wote. Sekta binafsi ilianza na asilimia 1, mwaka 2021 ikashuka hadi asilimia 0.6, na tangu Julai 2022 ni asilimia 0.5, sawa na serikalini. Saidi, mshahara wako?"

"Laki tatu."

"Nusu ya asilimia moja ya laki tatu ni shilingi 1,500 kwa mwezi."

"Elfu moja mia tano!" Mama Zawadi alimwelekezea Chawa mwiko. "Hiyo kwangu haipati hata supu na chapati mbili. Tajiri wako anashindwa kumwekea kijana supu moja kwa mwezi?"

"Biashara ngumu mama," alisema Chawa. "Kodi, umeme, mbao zimepanda. Halafu hiyo pesa si atamkata tu kijana kwenye mshahara?"

"Hapana!" Profesa alipandisha sauti mpaka kuku wa jirani akahama. "Hapo ndipo watu wengi wanapotapeliwa. Mchango wa WCF haukatwi kwenye mshahara hata senti moja. NSSF mnachangia wote wawili, wewe na mwajiri, ni akiba yako ya uzeeni. Bima ya afya ni habari nyingine. WCF ni mzigo wa mwajiri mwenyewe. Ukiona kwenye karatasi ya mshahara umekatwa 'fidia', ujue unajinunulia jeneza lako kwa awamu."

Saidi aliuliza swali lililokuwa limemkaa kooni. "Sasa mimi ni mfanyakazi kweli, kaka? Mimi sina mkataba. Tajiri aliniambia tu, 'Kesho njoo na nguo za kazi.'"

"Umeenda kesho yake?"

"Mwaka wa tatu huu."

"Basi una mkataba. Wa mdomo nao ni mkataba. Anakupangia saa za kuingia?"

"Saa moja na nusu. Ukichelewa anafunga geti."

"Mashine ni yako?"

"Yake."

"Mwisho wa mwezi anakulipa nani?"

"Yeye. Mwisho wa mwezi, au katikati ya mwezi unaofuata."

"Wewe ni mfanyakazi halali, mdogo wangu. Kuchelewa kukulipa ndiyo dalili kubwa kuliko zote."

Chawa aliona upande huo umefungwa, akazunguka nyuma. "Lakini tuseme ukweli, jamani. Mimi nimesikia alikuwa anaongea na simu. Kama uzembe ni wake, tajiri anahusikaje?"

"Nilikuwa nimeshika mbao kwa mikono yote miwili," alisema Saidi. "Simu ningeishika na meno?"

"Hata kama angekuwa ameteleza mawazo," alisema Profesa. "Huu mfumo hauanzi kwa kutafuta mchawi. Hauulizi nani mzembe, unauliza mambo mawili: wewe ni mfanyakazi, na kilichokupata kimetokana na kazi? Binadamu anachoka, jasho linaingia machoni, mbao ina fundo. Hayo ndiyo maisha ya kazi na ndiyo maana mfuko ukawekwa. Kinachokuharibia ni kujitakia kwa makusudi, kama mtu anayejikata ili alipwe."

"Nani ajikate dole alipwe?" aliguna Mama Zawadi.

"Mama, mji huu una watu," alisema Dula.

Hapo Mombasa akaingia kwenye mazungumzo. Jina lake hatulijui. Ni dereva wa lori la masafa, gari lake lilikuwa limekwama gereji siku ya tatu, na kijiwe kimempa uraia wa muda. "Kwetu Kenya mambo ni mengine," alisema. "Sisi tuna sheria ya 2007, twaiita WIBA. Hatuna mfuko mmoja kama huu wenu. Kila mwajiri hutakiwa kuwakatia watu wake bima kwa kampuni ya bima. Na ukifa kazini, au ukalemaa kabisa, hesabu ni mishahara ya miezi 96."

"Miezi 96!" alisema Dula. "Wakenya nyie hata kaburini mnaingia na kikokotoo."

"Yakhe, bora uingie nacho. Usipoingia nacho, watakukokotoa waliobaki."

"Wetu wamechagua njia nyingine," alisema Profesa, akainua mkono wake. "Mafao ni saba. Hesabuni nami." Akaanza na kidole kidogo. "Moja, matibabu. Mbili, malipo ya ulemavu wa muda, yaani kipindi ambacho huwezi kufanya kazi: unalipwa asilimia 70 ya mshahara wako, mpaka miezi 24."

"Kwa laki tatu yangu?"

"210,000 kila mwezi, wewe umekaa unajiuguza. Sasa iweke mezani pamoja na ile bahasha ya 50,000 uone ipi inaona aibu. Tatu, ulemavu wa kudumu. Nne, malipo kwa anayemhudumia mgonjwa asiyeweza kujihudumia."

"Kwa hiyo mke wangu akinipikia uji ni fao?" aliuliza Dula.

"Dula, wewe huna mke."

"Nauliza kwa niaba ya atakayekuja."

"Tano, utengamao. Hapo kuna viungo bandia, mazoezi ya viungo, na kufundishwa kazi nyingine kama ile ya zamani mwili umeikataa." Mkono ukaisha, Profesa akahamia wa pili. "Sita, msaada wa mazishi. Na saba, pensheni kwa wategemezi: mjane au mgane, na watoto. Ile nyumba ambayo mzee wetu aliipelekea nauli, leo ingepelekewa pensheni."

"Saba," alisema Saidi, akiangalia mikono yake. "Vidole bado vinatosha. Vimebaki viwili vya akiba."

Hatukujua kama tucheke. Akacheka yeye kwanza, ndipo nasi tukathubutu.

"Hilo la tatu," alisema, "ulemavu wa kudumu. Dole linapimwaje? Maana halitaota."

"Daktari anafanya tathmini, anaandika asilimia ya ulemavu," alisema Profesa. "Ikiwa asilimia 30 au chini yake, unalipwa mkupuo, mara moja. Ikizidi 30, unalipwa pensheni ya kila mwezi."

Chawa alipata nafasi nyingine. "Asilimia! Dole gumba moja? Mtu ana vidole kumi. Hilo dole ni asilimia moja, mbili. Pesa ya vocha. Bora achukue ndizi mkononi kuliko kusubiri faili."

Mama Zawadi alifuta mikono kwenye kanga, akaja mpaka katikati ya kijiwe. Mama Zawadi akiacha jiko, jambo limekuwa zito.

"Wewe Chawa, shika kikombe chako cha kahawa."

Chawa alikishika.

"Kiweke chini. Sasa kishike tena bila dole gumba."

Chawa alicheka kwa dharau, akakibana kikombe kwa kidole cha shahada na cha kati, kama mtu anayeshika sigara. Kikombe kikapanda robo ya safari, kikainama, kahawa yote ikamwagikia suruali yake ya kitambaa, ile ya kwendea kwa matajiri. Aliruka kama aliyekanyaga nyaya.

"Ni asilimia mbili tu hiyo," alisema Mama Zawadi. "Unalilia nini?"

Kijiwe kizima kikawa shule. Dula alijaribu kuwasha pikipiki bila dole gumba, akashindwa hata kuushika ufunguo. Mombasa alijaribu kufunga kifungo cha shati. Mimi nilijaribu kuandika jina langu, nikaandika la mtu mwingine. Mzee Mwinshehe alijaribu kufungua ukurasa wa gazeti, likamwanguka. "Sasa mshike nyundo," alisema. "Mshike randa. Mpige msumari. Vidole vinne vinasukuma tu, kinachoshika ni dole gumba. Fundi seremala bila dole gumba la kulia ni bondia mwenye glavu moja." Kisha akamtazama Saidi. "Kwa hiyo ukienda kwa daktari, usimwambie 'nimekatika kidole'. Mwambie kazi yako ni ipi, na mkono huo ulikuwa unafanya nini."

"Na si ajali tu," Profesa aliongeza. "Hata ugonjwa unaotokana na kazi umo. Mchimba madini anayevuta vumbi la mawe mpaka mapafu yanakakamaa. Mtu wa kiwandani ambaye mashine imemla masikio."

"Nini?" aliuliza Mzee Mwinshehe.

"Nasema mashine zinaharibu masikio, mzee!"

"Ah. Kiwanda cha nguo kilikuwa na kelele sana," alisema mzee, na hatukurudi tena kwenye hilo.

Saidi alikuwa ameanza kukaa vizuri kitini. "Sasa nifanye nini? Leo ni Jumapili. Tajiri amesema kesho niipeleke karatasi."

Dula aliwahi kujibu. "Kwanza PF3! Bila PF3 hupati kitu!"

"PF3 ni ya polisi, ukipata ajali ya barabarani au ukipigwa," alisema Profesa. "Huyu amepambana na mbao. Sikiliza, Saidi. Ajali ikitokea, mwajiri anatakiwa kuutaarifu Mfuko ndani ya siku saba. Alhamisi mpaka leo ni siku ya tatu, bado yuko ndani ya muda. Kesho mkumbushe kwa adabu. Akitoa taarifa, vizuri, mmemaliza kiungwana. Akikaa kimya, nenda mwenyewe ofisi za Mfuko. Na wewe muda wako wa kudai ni miezi 12. Usije ukala ndizi, ukasubiri utu, ukaamka mwezi wa kumi na tatu."

"Na kama hajajisajili kabisa huko kwenye Mfuko?"

Tulimtazama Chawa. Chawa alitazama suruali yake.

"Kujisajili ni lazima kwa kila mwajiri, na kutojisajili ni kosa la jinai," alisema Profesa. "Hilo ni kosa lake, usilibebe wewe. Peleka taarifa yako hivyohivyo. Tena ile kinga ya msumeno iliyofunguliwa, hiyo ni habari ya OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi. Wale wanakuja na daftari."

"Mtamfungia karakana!" alilia Chawa. "Vijana wanane watakosa kazi! Ndiyo furaha yenu?"

Hili halikuwa la kuchekesha na kila mtu alilijua. Saidi mwenyewe aliinamisha kichwa. Tajiri yule alimwozesha mdogo wake. Mwaka jana alimkopesha ada ya mtoto. Ukimshtaki mtu wa namna hiyo, mtaani unaitwa mwizi wa fadhila.

Mzee Mwinshehe aliongea taratibu. "Mwanangu, hakuna aliyesema umshtaki. Huo mfuko umewekwa ili usimshtaki. Yeye analipa 1,500 yake kwa kichwa, wewe ukiumia unadai kwa Mfuko, siyo kwake. Mnabaki mnasalimiana. Vijana wanane ni shilingi 12,000 kwa mwezi kama wote wanalipwa kama wewe. Hiyo haifungi karakana. Na kinga ya msumeno si ya kukulinda wewe tena, wewe msumeno umeshakula chake. Inawalinda hao saba waliobaki, ambao kesho saa moja na nusu wanaingia getini."

Alinyamaza, akasaka neno. "Pole ni adabu. Ukipewa, pokea, sema ahsante, ndizi wape watoto. Lakini fidia ni deni la sheria. Mtu akitaka kulipa deni kwa adabu, mwambie adabu nimeipokea, deni bado."

"Haba na haba hujaza kibaba," alisema Chawa kwa unyonge.

"Haba, ndiyo," alisema Mama Zawadi. "Pole haijazi kibaba. Mimi napika, najua."

"Na hii karatasi?" aliuliza Saidi.

"Haki uliyopewa na sheria haiuzwi kwa mkungu wa ndizi," alisema mzee. "Usiisaini. Ila usiichane pia, ni ushahidi."

Profesa aliigeuza. Nyuma ilikuwa nyeupe. Akaomba kalamu kwangu, akaiweka karatasi juu ya tangi la pikipiki ya Dula, akaanza kuandika huku akimuuliza Saidi: tarehe, saa, mashine gani, nani alikuwepo, hospitali gani, daktari aliandika nini, kinga ilifunguliwa lini na kwa amri ya nani. Saidi alitaja majina mawili ya wenzake walioona. Upande mmoja karatasi ilisema hana madai sasa na hata milele. Upande wa pili madai yalikuwa yanajaa.

Dula alisubiri Profesa amalize mstari, kisha akauliza kwa sauti ndogo isiyo yake. "Na mimi je? Pikipiki si yangu. Nina tajiri. Kila jioni nampelekea hesabu."

Profesa alikuna kichwa. "Anakulipa mshahara?"

"Mimi ndiye ninayemlipa."

"Anakupangia saa?"

"Nikitaka nalala. Ila hesabu hailali."

"Basi hapo, Dula... wewe unahesabika kama umejiajiri. Na aliyejiajiri hayumo."

"Yaani yeye ananiita kijana wangu, na mimi namwita tajiri, halafu sheria inasema hatujuani?"

Hakuna aliyemjibu. Bodaboda mbili zilipita kasi, moja imebeba abiria watatu na godoro. Tulizisindikiza kwa macho mpaka kona.

Ndipo tukasikia sauti tusiyoizoea.

"Na mimi?"

Ilikuwa ya Birika. Alikuwa ameweka birika lake chini kwenye makaa, amekunja mkono wa kanzu. Kuanzia kifundo mpaka karibu na kiwiko, ngozi ilikuwa imekunjamana, nyeupe na nyeusi kama ramani. Tumekunywa kahawa yake miaka yote hiyo, na kwenye mkono ule tulikuwa tunaona kikombe tu.

"Lilinimwagikia kule Karume, umande wa asubuhi, nilijikwaa," alisema. "Nililala ndani mwezi mzima. Mimi mwajiri wangu nani?"

Profesa alifungua mdomo, akaufunga. Mzee Mwinshehe aliangalia gazeti lililokunjwa mara mbili. Hata Chawa, ambaye hakosi la kumtetea tajiri, alikosa tajiri wa kumtetea.

"Wewe mwajiri wako ni sisi," alisema Mama Zawadi mwishowe. "Sisi tunaokunywa."

Birika aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyekuwa analisubiri jibu hilohilo. Akatoa kidaftari kidogo kwenye mfuko wa kanzu, kimeloa kahawa pembeni, akakifungua. "Basi tuanze na michango," alisema. "Dula, vikombe kumi na vinne. Profesa, thelathini na kimoja. Chawa, ulivyomwaga na ulivyokunywa, tisa. Mwandishi," akanitazama mimi, "ukurasa mzima."

Hakukuwa na wa kubisha. Kila mtu aliingiza mkono mfukoni. Saidi aliingiza wa kushoto.